Kioo Kilichoiga Msitu

Nyumbani, juu mlimani,
Jumapili, tarehe 19, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na wale mapacha wangu. Hamjambo nyote? Mgongo wa wifi unaendeleaje tangu alipoacha ile kazi ya kusimama kutwa? Na baridi je, imepungua au bado mnalala na soksi? Mapacha niliwaona kwenye picha ya mwisho. Yule wa kulia meno ya mbele yameng'oka yote mawili, anacheka kama babu yake kabisa. Mbusu kwa niaba yangu, na mwenzake pia, asije akanuna.

Sisi huku hatujambo kwa sehemu kubwa. Presha ya baba imetulia, dawa anameza bila kugombana na mtu, na hamu ya kula anayo. Macho ndiyo yanazidi kufifia. La kushoto halioni kitu, la kulia linaona mwanga na kivuli, basi. Mimi magoti yananisumbua nikipanda mlima, ila nikikaa kwenye cherehani nasahau kama nina magoti. Sweta ulizotuma zilifika. Yangu ilinibana kwapani, nikaifumua kidogo ubavuni, sasa inanikaa sawasawa. Asante sana, Mungu akuzidishie.

Sasa, mdogo wangu, kaa chini. Usiisome barua hii ukiwa kwenye foleni ya basi.

Najua Msanifu, yule aliyekuchorea nyumba, ameshakupigia. Najua kwa sababu wiki mbili na nusu zimepita hujanipigia, na wewe si mtu wa kunyamaza wiki mbili na nusu. Kwa hiyo umeshaambiwa kwamba dada yako amechafua uso wa nyumba yako kwa chokaa, kwamba tuzo imekwenda na maji, na pengine kwamba umri umenipanda kichwani. La chokaa ni kweli. Hayo mengine nisikilize kwanza. Kwenye simu mimi na wewe hatuwezi, nikianza sentensi wewe umeshaimaliza, tena vibaya. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze kwa kutenda haki. Uliposema unataka kumjengea baba nyumba ya kisasa pale kwenye kiwanja chetu, karibu na msitu, na uso wake uendane na mazingira, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Michoro ilipofika niliitandaza juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa nikaitazama kama mtu anayetazama gauni la harusi. Paa la chini, halishindani na miti. Msingi wa mawe ya hapa hapa mteremkoni. Mbao zisizopakwa rangi, ziachwe zizeeke zenyewe mpaka ziwe za kijivu kama magogo. Nilisema, huyu mtu ana akili.

Na mawe yale, kwa kweli, ni kazi. Yule mwashi tuliyempa jina la Fundi Kimya aliyachagua moja moja. Alikuwa analigeuza jiwe mikononi mara nne, mara tano, mpaka apate ubavu wake wa kutazama nje. Baba alikuwa akipelekwa pale kila Ijumaa, anapapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, halafu anasema, "Huyu hajui kuongea lakini anajua kujenga." Nawe unamjua baba, miaka arobaini amepaka rangi nyumba za watu, hasifii ukuta ovyo.

Ubaya wote uko mbele. Ule ukuta wa kioo.

Hujauona kwa macho yako, umeuona kwenye picha tu, basi nikueleze. Unaanzia sakafuni hadi darini, hatua zangu kumi na nane kwa urefu, hauna nguzo inayoonekana, hauna pazia. Pazia nilitaka kushona mimi, nilishachagua na kitambaa. Msanifu akaniambia, "Mama, pazia litaua mandhari." Neno lake hilo, mandhari. Mandhari asubuhi, mandhari mchana, hata akiomba maji ya kunywa lazima mandhari iingie. Mimi na Fundi Kimya tukawa tunamwita Bwana Mandhari, yaani mimi ndiye nilikuwa namwita, Fundi alikuwa anacheka kwa mabega.

Siku ya kukabidhi nyumba alitushusha hadi bondeni, tukasimama kwenye njia ya mifugo, akanyoosha mkono. "Tazameni. Nyumba imepotea. Mtu akisimama hapa haoni nyumba, anaona msitu unaendelea." Nikatazama, na kweli, sikuiona. Kioo kilikuwa kimeubeba msitu mzima, miti, anga, mawingu yanatembea, jani kwa jani. Nilipiga makofi, mdogo wangu. Nilipiga makofi kama mjinga.

Kama mimi niliyezaliwa hapa nilidanganyika, ndege atajuaje?

Wa kwanza alijigonga siku ya pili baada ya kuhamia, tukiwa tunakunywa chai. Ilisikika *du*, kama mtu amebisha kwa ngumi moja. Baba akaweka kikombe chini, akaitikia kwa sauti kubwa, "Karibu, mlango uko wazi!" Akashika fimbo, akanyanyuka, akaenda kufungua. Hakuna mtu. Mimi nilitoka nje nikakuta kindege cha kijani, kidogo kama limau, kimelala chali juu ya kokoto, shingo imepinda. Nikasema bahati mbaya. Nikakizika chini ya mti, nikarudi kumalizia chai.

Mchana wa siku hiyo wakawa wawili. Kesho yake wanne.

Halafu Bwana Mandhari akaja na gari limejaa miche. Akapanda mbele ya kioo, safu nzima, vile vichaka vyenye matunda mekundu madogo madogo. Alitaka, alisema, kioo kiyaonyeshe mara mbili. Matunda yalipoiva ndege wakaja kula kwa makundi, na kila aliyeshiba akiruka anaona vichaka vingine mbele yake, na msitu mwingine nyuma ya vichaka, na anga. Asubuhi moja niliokota kumi na mmoja kabla sijanawa uso.

Nitakueleza jinsi ilivyo, kwa sababu wewe uliziona picha zilizosafishwa. Ndege akigonga kioo anaacha muhuri wake. Unga wa manyoya, mabawa yote mawili yametandazwa, unaona hadi kila unyoya, kama mtu amemchora. Pale kifua kilipogota panabaki mafuta na tone la damu. Ukipangusa kwa kitambaa kikavu yanatapakaa, unapata doa kubwa kuliko la kwanza. Lazima maji ya moto na sabuni ya vyombo, na harufu yake inabaki vidoleni mpaka chakula kinakushinda. Chini ya kioo Msanifu alitandaza zile kokoto nyeupe. Ndege wakidondoka wengine wanaingia katikati ya kokoto na huwaoni, mpaka inzi wakuonyeshe walipo. Sisimizi wanaanzia machoni. Sikujua hilo. Nimefika umri huu bila kulijua, na nilikuwa sina haja ya kulijua.

Paka wa jirani alihamia kwetu. Mwanzoni alikuwa anakula mzima, baadaye akashiba, akawa anakula vichwa tu. Nilikuwa nafagia miili isiyo na vichwa, kwenye nyumba inayoendana na mazingira.

Nikampigia Msanifu. Alikuja, sikatai, alikuja siku hiyo hiyo. Akatembea mbele ya kioo mikono nyuma, akasema, "Mama, watazoea."

Nikamuuliza, "Watazoea vipi na wanakufa?"

"Hao wengine watazoea."

Nilimwomba basi abandike chochote, karatasi, utepe, hata hayo mapazia yangu. Akanitazama kama nimemwomba apake masizi uso wa mama yake. Akaenda kwenye gari akarudi na zawadi: mifuko myeusi ya taka, roli nzima, na mpira wa kupangusia kioo wenye mpini mrefu. Akanifundisha jinsi ya kuutumia. Akasema niwe naokota mapema, kabla wageni hawajafika, na muhuri ukionekana mzuri nimpigie kwanza aje aupige picha.

Nami, wallahi, niliipokea.

Baba yeye sikumwambia. Kila *du* alikuwa anaitikia karibu, ananyanyuka na fimbo yake, anatembea mpaka mlangoni, anasimama pale na uso wake umetabasamu kumpokea mgeni asiyekuwepo. Mara tano, mara sita kwa siku. Nilimdanganya. Nilimwambia ni kioo chenyewe, kikipata jua kinatanuka, kinalia. Akatikisa kichwa. "Madirisha nimepaka miaka arobaini, sijasikia dirisha linabisha hodi." Lakini aliniamini, maana mimi ndiye macho yake. Ila kunyanyuka hakuacha. Alisema, "Ikiwa safari hii ni mtu kweli je?"

Sasa nikufikishe kwenye ile siku ya wateja, siku niliyokupigia.

Msanifu alileta mume na mke wanaotaka nyumba kama yako. Wamevaa vizuri, wanaongea polepole. Akawasimamisha mbele ya kioo akaanza kuwahubiria habari za kuishi pamoja na maumbile, kutoyasumbua maumbile, nyumba kuwa mgeni mwenye adabu msituni. Mimi nilikuwa pembeni na trei ya juisi. *Du*. Ndege akadondoka hatua moja kutoka kwenye viatu vyake. Huyu alikuwa hai. Mdomo ulikuwa unafunguka na kufunga, na bawa moja linapiga piga kokoto. Mwanamke alishtuka, mkono ukaenda mdomoni. Msanifu hakukatiza sentensi. Alinyoosha mguu, na kwa ncha ya kiatu chake cha ngozi laini akamsukuma yule ndege, taratibu, kama unavyosukuma ganda la ndizi, mpaka nyuma ya chungu cha maua. Akaendelea, "...na ndiyo maana hatukutaka ukuta unaopiga kelele."

Niliweka trei chini. Nikaenda nyuma ya chungu nikamwokota. Alikufia kiganjani mwangu, bado ana joto. Kilichonichefua ni kiatu kile, kilivyokuwa na upole.

Nilikupigia saa hiyo hiyo. Ulikuwa unakula, nilisikia kijiko. Nilikueleza yote, kiatu na yote. Ukasema, "Dada, ni ndege tu." Ukasema watu huko wanaangalia picha za nyumba yako mpaka wanatokwa machozi kwa uzuri. Ukasema nivumilie, mpiga picha wa jarida anakuja mwanzo wa mwezi, nyumba imeingia kwenye mashindano ya tuzo, baada ya hapo tutaona. Halafu ukanitumia ile alama ya mikono inayopiga makofi.

Nilizima simu nikakaa kitandani. Nitakuambia ukweli, kwa sababu wewe ni damu yangu: nilikuchukia kidogo. Kama robo saa hivi. Kisha nikaenda kuokota wengine wawili.

Jumanne ile, siku mbili kabla ya mpiga picha, nilikuwa nyuma naanika nguo. Baba akasikia hodi yake. Akatoka. Safari hii badala ya kusimama mlangoni akaamua kumfuata mgeni nje, maana alisema baadaye alihisi kama mtu anaondoka. Alikuwa peku. Alikanyaga.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye kokoto, fimbo iko kando, ndege yuko mikononi mwake. Alikuwa anampapasa kwa vidole, kichwa, shingo, bawa, vile anavyopapasa ukuta. Halafu akapeleka mkono mbele akapata mwingine, mkavu, wa siku nyingi, mmoja niliyempita bila kumwona. Na mwingine. Akawapanga mbele yake kwenye kokoto.

"Hawa ni ndege," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ndio wanaobisha hodi."

Akaniuliza tangu lini, nikamwambia tangu tulipohamia. Akaniuliza wangapi, nikamwambia niliacha kuhesabu walipofika mia na ishirini. Akanyamaza sana. Kokoto zilikuwa zinamchoma magoti, nilitaka kumwinua, akausukuma mkono wangu. Miezi minne mzee huyu alikuwa anawakaribisha wageni ndani, kumbe anawakaribisha hawa.

Kisha akauliza, "Na kitindamimba anajua?"

Mdogo wangu, nilisema hajui.

Ilinitoka tu. Nilikuona ukiwa mdogo, nikamwona na yeye yuko chini pale, nikasema, "Hajui, baba. Sikumwambia." Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua hajui. Yule mtoto alilala na kifaranga kigonjwa kifuani siku tatu. Angejua asingekubali." Akanipa mkono nimwinue.

Ndani ya nyumba akaniuliza kama hata wakati wa ujenzi ndege walikuwa wanakufa. Nikafikiri, nikakumbuka kwamba hapana, hata mmoja. Na nikakumbuka kwa nini. Mafundi vioo walikuwa wamechora misalaba mikubwa ya chokaa kila mahali ili wabeba mbao wasijigonge. Ilifutwa siku ya kukabidhi. Nilipomwambia hivyo baba alicheka, kicheko kifupi cha hasira. "Kwa hiyo mafundi walijua, na yeye mwenye kalamu hakujua." Akasema nimwite Fundi Kimya aje kesho asubuhi na ngazi, ndoo mbili na chokaa.

Jumatano tulipaka. Baba alichanganya mwenyewe. Chokaa, maji, chumvi kiasi, na gundi ya mbao ili isioshwe na mvua ya kwanza. Alikuwa anachovya vidole viwili, anavisugua, anasema bado, ongeza, bado, sasa basi. Akatupa masharti: mistari ya kusimama, kutoka juu hadi chini, kati ya mstari na mstari kiganja kimoja tu. "Ukiacha pana zaidi ataona mlango."

Fundi Kimya alishika juu, kwenye ngazi. Baba alishika chini. Alikuwa anaweka kiganja cha kushoto kwenye kioo kupima, brashi inashuka kando yake, anasogeza kiganja, brashi inashuka tena. Nilikuwa sijamwona na brashi mkononi tangu macho yaanze kufifia. Mistari yake imepinda, sitakudanganya. Mahali pengine ya juu na ya chini haikukutana kabisa. Alipouliza imekaaje nilimwambia imekaa vizuri, na hilo sihesabu kama uongo. Tulianza saa mbili asubuhi tukamaliza saa kumi jioni. Mabega yalimuuma siku tatu, na siku zote tatu alikuwa anajisifu.

Alhamisi wakaja. Msanifu aliteremka garini akiwa bado anaongea na mpiga picha, akageuka, maneno yakamkatikia mdomoni.

"Nani amefanya uchafu huu?"

Uchafu, mdogo wangu. Alisema uchafu.

Nilimwambia asubiri nimwonyeshe uchafu. Nilienda nyuma nikaleta ndoo. Walikuwa wa Jumatatu hadi Jumatano asubuhi, nilikuwa nimewaweka kwa makusudi, wala siombi radhi. Nikaimwaga pale mbele yake, juu ya yale mawe meupe ya kukanyagia. Ishirini na watatu. Wa chini walikuwa wameshaanza kulegea, na ule weusi uliokuwa unatembea juu yao ulikuwa sisimizi. Harufu ilipanda. Msanifu aliruka nyuma, akaziba pua kwa mkono wa shati, na nikaona anaangalia viatu vyake.

"Hawa ndio mandhari yako," nikamwambia. "Wapige picha."

Alimgeukia Fundi Kimya akamwamuru alete maji na mpira afute haraka kabla jua halijahama. Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi. Hakusimama. Akasema, "Chokaa hii nimepaka mimi. Sifuti." Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akisema kwa siku moja.

"Nitampigia mwenye nyumba."

"Mpigie," nikasema. "Na mimi nitamwandikia."

Mpiga picha, kijana wa watu, alikuwa amekwenda kando kutema mate. Aliporudi aliniuliza kama kuna jembe. Alinisaidia kuwazika wote. Picha za mbele hakupiga, alipiga ubavuni kwenye mawe ya Fundi, akaondoka. Msanifu alikaa garini muda wote huo, madirisha yamepandishwa. Kabla ya kuondoka aliteremsha kioo inchi moja akasema ataliondoa jina lake kwenye nyumba hii. Nilimwambia hakuna mahali limeandikwa.

Hayo ndiyo yaliyotokea, sijaongeza chumvi. Tangu siku ile wamejigonga ndege wawili. Mmoja alikufa. Mwingine alikaa kokotoni akihema, akapata nguvu, akaruka. Wengine nawaona wanakuja kwa kasi kutoka kwenye vichaka, wanafika karibu, wanakata kona. Ukiwa bondeni sasa unaiona nyumba. Inaonekana, ina mistari kama shuka la hospitali, si nzuri. Fundi anasema kuna namna ya kuikwaruza mistari myembamba kwenye kioo chenyewe, isiyochosha jicho, au kupanga mbao nyembamba kwa mbele, za aina ile ile ya kuta. Mimi sijasema tubomoe. Nyumba ni yako na uliijenga kwa jasho, na ulimjengea baba kwa mapenzi, hilo nalijua kuliko mtu yeyote.

Lakini wale niliowaokota siwezi kuwasahau kwa sababu wewe una picha nzuri. Bado nikinawa mikono nanusa vidole.

Mambo mengine ni madogo madogo. Mtoto wa shangazi amefaulu mtihani wa ufundi umeme, ameanza kazi. Cherehani langu la zamani nimempa jirani, nimebaki na lile la umeme. Tanki la maji lilivuja kwenye maungio, limeshazibwa. Yule paka amerudi kwao, amekonda kidogo, inampasa.

Sasa neno la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike kurasa zote hizi. Baba anakuulizia kila siku. Hanisumbui kuhusu tuzo, hata hajui tuzo ni nini. Anauliza, "Ameshaambiwa? Amefurahi?" Anaamini umefanyiwa jambo ambalo ungelifanya mwenyewe kama ungejua. Nimemwambia leo ninakuandikia. Amekaa hapa upande wa pili wa meza, anasikiliza kalamu.

Ukishaisoma barua hii piga simu, na usinipigie mimi, mpigie yeye. Ukitaka chokaa ifutwe, mwambie kwa kinywa chako, na umwambie ulijua. Ukitaka ibaki, mwambie vile vile ulijua. Atanyamaza, kama alivyonyamaza pale kwenye kokoto, nawe usikate simu, subiri. Mimi nimemdanganya mara mbili katika nyumba hii, mara ya pili kwa ajili yako. Ya tatu sina.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie ile dawa ya kuchua mgongo nitampa mtu anayesafiri mwezi ujao. Mapacha waambie shangazi yao anawashonea pajama, wanipimie urefu wa miguu kwa kamba wanitumie. Shangazi anakusalimu, mjomba naye anakusalimu na anauliza kama redio yake umeipata. Fundi Kimya amesema "msalimie", nami nimekufikishia yote aliyosema.

Mungu akulinde huko ugenini, akuzidishie riziki na afya, na auweke moyo wako laini kama alivyouumba.

Wako akupendaye, hata wiki hii,

Dada yako